Mbalamwezi ya Siku 92

Juni 2024, wakati wa likizo, nilimwambia mjomba wangu jambo la kijinga, tena kwa sauti ile ile ninayoitumia darasani. Nilimwambia aichukulie miezi mitatu ya kufungwa kwa ziwa kama mbalamwezi ndefu.

Alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ufukweni Kasanga, akichambua wavu ambao ulikuwa haujagusa maji kwa wiki kadhaa. Hakunijibu upesi. Alitoa kijiti kimoja, akakitupa, akatoa kingine. Kisha akasema, “Mwanangu, mwezi haujawahi kuja hapa ukaniambia kwamba unanifunga kwa faida yangu.”

Sentensi hiyo imenikaa kichwani tangu siku ile. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika sekondari moja Sumbawanga. Mada ya mizunguko ya dunia na mwezi nimeifundisha mara nyingi kiasi kwamba naweza kuifundisha huku nikiwaza bei ya mahindi. Sikuwahi kudhani kwamba ndani yake kuna swali la haki.

Kwa ambaye hajawahi kushuka kwetu: Kasanga iko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, wilaya ya Kalambo, si mbali na mpaka wa Zambia. Wajerumani waliiita Bismarckburg. Kutoka Sumbawanga unapita Matai, na katika safari ya kilomita zipatazo 110 barabara inakuteremsha kutoka uwanda wa juu wa Ufipa, wenye baridi na mashamba ya mahindi na maharage, hadi kwenye joto la ziwa, mita 773 juu ya usawa wa bahari. Masikio yanaziba njiani. Huku juu mwezi ni pambo tu. Kule chini mwezi ni mwajiri.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Taa inaning’inizwa juu ya maji, vijidudu vya majini vinaifuata nuru, dagaa wanavifuata vijidudu, migebuka wanawafuata dagaa, na wavu unawangoja wote. Mpango mzima unategemea jambo moja: taa iwe ndiyo nuru pekee iliyopo. Mwezi ukijaa, nuru inaenea ziwa zima, samaki hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja, na taa yako inakuwa kama mshumaa uliowashwa mchana. Ndiyo maana kila mwezi, kwa muda wa kama wiki moja kabla na baada ya mwezi mpevu, vyombo vinavutwa nchi kavu. Wavuvi wanaugawa muda wao kwa maneno mawili: giza na mbalamwezi. Giza ni kazi. Mbalamwezi ni kushona nyavu, kukopa unga, kuoza mabinti, na kulala usiku kama watu wengine.

Pwani mambo ni tofauti. Bagamoyo au Unguja mvuvi anahesabu bamvua na maji mafu, kwa sababu kule mwezi unavuta bahari. Ziwa letu, pamoja na urefu wake wa zaidi ya kilomita 650 na kina kinachokaribia mita 1,500, ni dogo mno kwa mchezo huo. Maji hayapandi kiasi cha mtu kuona. Kwetu mwezi hausogezi maji. Unamwaga nuru tu, na hiyo inatosha kumlaza mtu njaa.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na sisi wa Kasanga, pamoja na ziwa na mitumbwi yetu, tunakwenda nayo kwa kasi ya kama kilomita 1,650 kwa saa bila kumwaga chai. Mwezi unaizunguka dunia kuelekea upande huo huo, na unamaliza mzunguko kwa siku 27 na kama theluthi. Lakini katika siku hizo dunia nayo imesogea kwenye njia yake ya kulizunguka jua, kwa hiyo mwezi unahitaji siku mbili na ushei zaidi ili urudi kuelekeana na jua kama mwanzo. Ndipo tunapata siku 29 na nusu kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine. Kila siku unahama kama nyuzi 13 kuelekea mashariki, na kwa sababu hiyo unachelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Siku ya kujaa unatoka jua likizama. Siku tatu baadaye tayari kuna kipande cha giza mwanzoni mwa usiku, na wavuvi wanakivizia kipande hicho na taa zao. Mjomba hana nambari hizi kichwani. Ukimwuliza mwezi utatoka saa ngapi leo, anakuonyesha kwa mkono mahali fulani angani, na hakosei.

Kuna jambo moja ambalo hunichekesha kila mwaka. Pasaka, kwa kanuni ya kale ya Kanisa, huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Maana yake ni kwamba Juma Kuu halikai mbali na mbalamwezi. Mwaka 2024 mwezi ulijaa 25 Machi, Jumatatu ya Juma Kuu, na Pasaka ikawa 31 Machi. Ufipa ni nchi ya Wakatoliki wengi, na padri anayeona kanisa la ufukweni limejaa wanaume Alhamisi Kuu anaweza kudhani ni toba. Sehemu ya sifa hiyo aupe mwezi.

Na Kiswahili kimetuchanganya, maana kinauita mwezi wa angani na mwezi wa mshahara kwa neno moja. Mwezi wangu una siku 30 au 31 na unaishia benki. Wa mjomba una siku 29 na nusu na unaishia pale taa inapowashwa tena. Tulikuwa tukizungumza lugha moja, kila mmoja na mwezi wake.

Basi ikaja 15 Mei 2024. Kwa makubaliano ya nchi zinazopakana na ziwa, uvuvi ulisimamishwa hadi 15 Agosti ili samaki wapumzike na kuzaliana. Jumla ni siku 92. Sababu zake si za kubeza, na sitaki msomaji adhani nazibeza. Vyombo vimekuwa vingi, matundu ya nyavu yamekuwa madogo, na ziwa lenyewe linapata joto, jambo linalofanya maji ya juu yasichanganyike vizuri na yale ya chini yenye rutuba. Hata majira yalichaguliwa vizuri, angalau kwa mtazamo wa mwalimu wa Jiografia. Kati ya Mei na Septemba, kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23 na nusu hivi, jua linakuwa limehamia kaskazini na upepo wa kusi unavuma kuelekea huko. Unayasukuma maji ya juu, na huku kwetu, kusini mwa ziwa, maji ya chini yanapanda kuchukua nafasi. Rutuba inafika kwenye mwanga, na kila kiumbe kinakula. Ziwa lilifungwa katika msimu ambao linajilisha.

Yote hayo nilimweleza mjomba. Nilimweleza pia kwamba ndani ya siku hizo 92 mwezi ungejaa mara tatu, yaani 23 Mei, 22 Juni na 21 Julai, kwa hiyo usiku kama 21 angekuwa nchi kavu hata bila sheria yoyote. Hesabu hiyo niliifanya kwenye basi, na niliiona ni faraja ya kumpelekea.

Yeye alikuwa ameniomba pesa ya gunia la mahindi na ya hosteli ya binti yake wa kidato cha tatu. Nilimpa nusu ya alichoomba na somo zima.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo yeye alilijibu kwa sentensi moja. Kwa nini watu wa Kasanga wanamezea kufungwa na mwezi kila mwezi, maisha yao yote, bila mkutano wala manung’uniko, lakini kufungwa na sheria kunawauma? Samaki hawajui tofauti. Tumbo pia halijui. Njaa ya mbalamwezi na njaa ya tangazo ni njaa moja.

Jibu la kwanza linalokuja ni kwamba mwezi hauna nia. Huwezi kulikasirikia jiwe. Jean-Jacques Rousseau, katika Émile, kitabu chake cha mwaka 1762 kuhusu malezi, alitofautisha kuvitegemea vitu na kuwategemea watu. Kuvitegemea vitu, alifikiri, hakumwondolei mtu uhuru wake. Kuwategemea watu ndiko kunakozaa utumwa na maovu. Akatamani sheria za nchi ziwe na ugumu usiopindika wa sheria za maumbile, ili kumtii mtu kuwe kama kuutii ukweli wa vitu. Nilipolisoma wazo hilo chuoni nililipenda sana. Niliona serikali bora kuwa ile inayofanana na mwezi: haina upendeleo, haina hasira, haipokei simu ya mkubwa.

Siku hizi nadhani Rousseau hakuwa na mjomba Kasanga.

Chukua mfano wa saa. Tanzania nzima tunafuata saa ya mstari wa nyuzi 45 mashariki. Mstari huo haugusi nchi yetu popote, unapita Somalia na Madagaska. Kasanga iko kwenye nyuzi 31 hivi. Kila nyuzi moja ni dakika nne za mzunguko wa dunia, kwa hiyo saa yetu imelitangulia jua kwa karibu saa nzima. Sisi tunaohesabu saa kuanzia asubuhi tunaamini kwamba saa 6 mchana jua liko utosini. Kasanga, kwa wastani, linafika pale juu saa 6:56. Ng’ambo ya maji, Zambia na Kongo, saa zao ziko nyuma ya yetu kwa saa nzima, na zinakaribia sana kulingana na jua linalotuwakia sisi sote. Hii ni sheria ya watu, imetungwa mbali, hakuna mvuvi aliyeulizwa, na inapingana waziwazi na mzunguko wa dunia. Lakini sijamsikia yeyote akiilalamikia. Watoto wanakwenda shule na kiza asubuhi, basi. Kwa hiyo si kweli kwamba kila amri yenye mkono wa mtu inachoma. Amri isiyokugharimu unaweza kuishi nayo mpaka ukasahau kwamba ni amri.

Labda ni kutabirika? Mwezi unajulikana kabla. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walijaa Rujewa, Mbarali, kuangalia kupatwa kwa jua, kwa sababu wataalamu walikuwa wametangaza siku, mahali na dakika. Hata walijua kwamba jua lisingefunikwa lote bali lingebaki pete, maana njia ya mwezi si duara kamili, na siku hiyo mwezi ulikuwa mbali nasi kiasi cha kuonekana mdogo kuliko jua. Nilikitazama kwa kioo cha kuchomelea na nikajisikia niko ndani ya saa kubwa iliyotengenezwa vizuri. Lakini kufungwa kwa ziwa nako kulitangazwa mapema. Kujua siku ya msiba hakukupunguzii msiba.

Basi ni kutopendelea. Hapa nilikaa muda mrefu, kwa sababu ndilo jibu ninalotamani liwe la kweli. Mwezi unamwangazia tajiri mwenye vyombo vitatu na kibarua asiye na kasia. Hauna kibali maalumu. Lakini hebu tazama kinachotokea chini ya nuru hiyo moja. Kwa kawaida, samaki wakiuzwa, kwanza inatolewa gharama ya mafuta na chakula, kisha kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Mwenye chombo anaingia kwenye mbalamwezi na akiba. Kibarua anaingia na watoto. Mwezi ni sawa kwa maji yote, si sawa kwa nyumba zote. Tena wapo wanaojificha nyuma yake. “Mwezi umetubana” ni maneno ninayoyasikia zaidi kwa anayedai kuliko kwa anayedaiwa, kana kwamba riba nayo inazunguka angani kwa siku 29 na nusu na hakuna mtu anayeweza kuizuia.

Ilinibidi nikae dukani ndipo nikaona kitu nilichokuwa nakiruka. Siku ya pili ya safari ile ya Juni nilikwenda kununua sukari. Juu ya kaunta kulikuwa na daftari la madeni, la kawaida, jalada limelegea. Nilimwuliza mwenye duka anavyoendesha mambo wakati wa mbalamwezi. Akasema anakopesha unga, mafuta na sabuni kwa wiki moja, na giza likirudi watu wanalipa kwa dagaa au kwa pesa. Baba yake alifanya hivyo hivyo. Hahitaji kumdai mtu. Akiona taa ziwani anajua. “Na sasa hivi?” nikamwuliza. Akafungua daftari, akanionyesha kurasa zilizojaa, akalifunga. Duka lake lilijengwa kubeba wiki moja. Halikujengwa kubeba wiki 13.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwezi hauvumiliki kwa sababu ya kitu chochote kilicho angani. Unavumilika kwa sababu vizazi vya watu vimeuzungushia mipango: daftari la dukani, harusi zinazopangwa siku hizo, msimu wa kushona nyavu, jirani wa Ufipa ya juu anayeleta maharage na kuchukua dagaa baadaye. Yaani nilikuwa nausifu mwezi kwa upole ambao ni wa watu. Amri mpya inakuja bila daftari. Ilipaswa kuja na lake.

Nilirudi tena Oktoba, mwisho wa wiki ule mrefu wa Siku ya Nyerere. Ziwa lilikuwa limeshafunguliwa, lakini safari hii tulikuwa karibu na mbalamwezi ya kweli; mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu nne kujaa. Ni siku ambazo jua linapita juu kabisa ya Kasanga, na mchana kivuli changu kilikuwa kimejikunja miguuni kama mbwa. Binti wa mjomba alikuwepo. Hosteli alikuwa ameiacha. Shule zilipofunguliwa Julai alikaa nyumbani wiki tatu, na baadaye akahamishiwa shule ya kutwa, mwendo mrefu kwa miguu. Hakuna aliyenilaumu. Nilipokelewa kwa ugali na migebuka, na nikapewa kiti.

Usiku mjomba akaniuliza swali ambalo nadhani lilikuwa njia yake ya kunisamehe, maana lilikuwa la kazi yangu. Alisema tangu utoto anaona mwezi una madoa yale yale, upande ule ule. Je, hauzunguki wenyewe?

Nikamwomba akae alipo. Nikaanza kumzunguka pole pole, uso wangu ukimtazama yeye muda wote. “Umeona nimegeuka?” nikamwuliza nilipofika nilipoanzia. Akasema hapana, muda wote alikuwa akiuona uso wangu. Lakini binti, aliyekuwa akiosha vyombo kando, akasema, “Amegeuka, baba. Mimi nimeuona mgongo wake, halafu ubavu, halafu uso.” Ndivyo ilivyo. Mwezi unajizungusha mara moja katika kila mzunguko wake wa dunia, kwa muda ule ule, na kwa hiyo aliye katikati anadhani hausogei. Anayekaa pembeni ndiye anayeona.

Nikaendelea, kwa sababu sijui kunyamaza. Nikamwambia hilo halikutokea kwa bahati: mvuto wa dunia, kwa muda mrefu mno, ndio ulioupunguza mwendo wa mwezi kujizungusha mpaka ukabaki kutuelekea upande mmoja. Na mwezi nao unalipiza. Mvuto wake juu ya bahari unaipunguza dunia mwendo, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde katika kila karne, na wenyewe unasogea mbali nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Umbali huo unapimwa kwa mwali wa leza unaorushwa kwenye vioo vilivyoachwa mwezini tangu safari ya Apollo 11 mwaka 1969.

“Kwa hiyo dunia imekaa, mwezi unazunguka,” mjomba akasema, akitaka kufunga mada.

Nikasema hapana, hata dunia haikukaa. Nikamshika binti mikono yote miwili, tukaanza kuzunguka kama watoto wanavyocheza. Yeye ni mwepesi, kwa hiyo alichora duara kubwa mchangani. Mimi nikachora dogo. Lakini nililichora. Huwezi kumzungusha mtu huku wewe umesimama kama nguzo, lazima na wewe uyumbe. Dunia ina uzito wa mara 81 ya mwezi, na bado inayumba. Vyote viwili vinazunguka nukta moja ya pamoja, na nukta hiyo haiko katikati ya dunia. Iko kama kilomita 4,700 kutoka katikati, yaani ndani ya dunia bado, kama kilomita 1,700 chini ya miguu yetu.

Mjomba akatazama ile michoro miwili mchangani.

“Kumbe na mkubwa anasogea.”

“Anasogea. Kidogo.”

“Kidogo si haba,” akasema.

Najua kanuni ya wanafalsafa kwamba katika jinsi mambo yalivyo huwezi kuchota jinsi yanavyopasa kuwa. Nukta iliyo kilomita 1,700 chini ya ardhi haimwamuru mtunga sheria kitu chochote. Sidai hivyo. Ninachosema ni kwamba mimi ndiye niliyeuleta mwezi kwenye mazungumzo yale ya Juni, nikauweka kama mfano, na mfano wenyewe niliuelewa nusu. Niliuelewa mwezi kama amri inayotoka juu na kumkuta mtu chini. Sikukumbuka sehemu ambayo nimeiandika ubaoni miaka yote: kwamba hakuna mvuto wa upande mmoja, kwamba kinachovuta kinavutwa.

Sasa katika zile siku 92, nani aliyumba? Mshahara wangu uliingia mara tatu, siku zile zile. Sidhani kwamba wa yeyote aliyeliandika tangazo ulichelewa. Nilikula dagaa wa akiba, na walipopanda bei nikala nyama. Nusu ya pesa aliyoniomba, ile niliyoibakiza, ilikuwa pungufu ya nilichotumia kwenye simu na vocha katika miezi hiyo. Nimeihesabu, kwa kuwa napenda hesabu. Nilisimama kama nguzo nikimtaka yeye azunguke, na juu ya hapo nikamweleza kwamba kuzunguka ni kuzuri kwa afya yake.

Mjomba hakupinga kufungwa. Alisema hivyo mwenyewe usiku ule wa Oktoba: hata shamba linapumzishwa, na yeye ameona dagaa wakipungua tangu alipokuwa kijana. Kilichomuuma ni neno “faida” kutoka kwenye mdomo usio na njaa. Na hapo ndipo mwezi unapoizidi serikali, na unapozidiwa pia. Mwezi haukuelezi kitu, kwa hiyo haukutusi. Lakini pia huwezi kuuendea ukauomba upunguze wiki moja, au ukauambia una binti hosteli. Sheria unaweza kuiendea. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kuipenda zaidi ya mwezi, na kila inapojitia ugumu wa mwezi inaitupa sababu hiyo. Rousseau alitaka sheria iwe kitu. Mimi nataka ibaki mtu, mtu ambaye ukimvuta anasogea, hata kidogo, hata asipoonekana isipokuwa na aliyekaa pembeni.

Tulilala nje kwa sababu ya joto. Kama saa 9 na nusu usiku mwezi ulizama ng’ambo ya ziwa, upande wa Zambia, ambako ilikuwa bado saa 8 na nusu. Nyota zikaongezeka ghafla. Nikasikia watu wakiitana kwa sauti za chini, na mtumbwi ukiburutwa mchangani. Yalikuwa yamebaki masaa mawili ya giza kabla ya mapambazuko, na masaa mawili wanaona yanatosha kujaribu.

Mjomba alikuwa ameshasimama. “Mwalimu,” akasema, “shika hiyo betri.”

Niliibeba mpaka kwenye maji. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na nilisimama mara mbili njiani kubadilisha mkono.